Kabla ya Kuomba Kikomo cha Mkopo Kiongezwe

Katika wilaya ya Nchelenge nchini Zambia, kando ya Ziwa Mweru, uvuvi husimamishwa kila mwaka kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari ili samaki wapate kuzaliana. Katika miezi hiyo mapato ya wavuvi na wachuuzi wa soko la Kashikishi hushuka. Mwezi wa Januari, ziwa likiwa bado limefungwa, shule hufunguliwa. Karo ya shule za serikali ilifutwa mwaka 2022, lakini sare, viatu na madaftari bado hununuliwa. Huo ndio wakati ambao nyumba nyingi hukumbuka mkopo, na wenye kikomo kidogo hutaka kiongezwe.

Kikomo ni kiasi kikubwa kabisa cha fedha ambacho mwenye kadi ya mkopo, au mwenye kukopa kwa simu, anaruhusiwa kudaiwa kwa wakati mmoja. Anayeomba kiongezwe huwa anaomba kuaminiwa zaidi, hata kama hajachukua fedha yenyewe. Kwa hiyo hapana budi achunguzwe upya.

Jambo la kwanza linalotazamwa ni malipo yake ya nyuma. Je, alilipa kwa tarehe iliyowekwa? Mkopeshaji hatosheki na daftari lake mwenyewe. Nchini Zambia taasisi ya kutunza kumbukumbu za wakopaji ilianza kazi mwaka 2007, na sheria maalumu ya taarifa za mikopo ikapitishwa mwaka 2018. Wakopeshaji hupeleka huko habari za wateja wao, wazuri na wabaya. Hivyo deni lililocheleweshwa Lusaka laweza kuonekana na benki iliyoko Mansa.

Jambo la pili ni sehemu ya kikomo inayotumika sasa. Chukua mfano wa watu wawili wenye kikomo cha kwacha 5,000 kila mmoja. Wa kwanza anadaiwa 4,800, wa pili 1,000. Wa kwanza ndiye mwenye shida zaidi, lakini wa pili ndiye atakayesikilizwa upesi, kwani mkopeshaji humwona yule wa kwanza kuwa mtu aliyekwisha kubanwa.

Jambo la tatu ni mapato. Askari na polisi wana hati ya mshahara, na mkopeshaji huisoma kutoka chini kwenda juu: hutafuta kiasi kinachobaki baada ya makato yote. Mwenye mshahara wa kwacha 6,000 anayekatwa 3,500 hupimwa kwa zile 2,500 zilizobaki, na humo mna chakula, kodi ya nyumba na nauli. Nchini Tanzania mtumishi wa umma hatakiwi kukatwa hadi akabaki na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Kipimo hicho chafaa kukumbukwa na kila nyumba, hata pale ambapo sheria hiyo haipo.

Mchuuzi wa dagaa hana hati ya mshahara. Kwake yeye, simu yaweza kuwa shahidi. Nchini Kenya mpango wa M-Shwari, ulioanzishwa Novemba 2012, ulionyesha njia hiyo: mteja alipewa kiasi cha kukopa kwa kutazama jinsi alivyotumia simu na fedha za simu, akiba aliyoweka, na uaminifu wake katika kulipa. Mwenye kuweka akiba kidogo kidogo na kulipa mapema huongezewa. Lakini shahidi huyo huona pia miezi ya ukimya, wakati nyavu zimeanikwa na fedha haziingii.

Jambo la nne husahauliwa na wengi. Uchunguzi wenyewe waweza kuacha alama. Nchini Marekani benki nyingine humtazama mteja wake kwa uchunguzi mwepesi usiomdhuru. Nyingine hufanya uchunguzi kamili, na alama yake hubaki katika kumbukumbu kwa miaka 2. Anayepeleka maombi kwa wakopeshaji watano katika mwezi mmoja huonekana kama mtu anayekimbia moto. Yafaa kumwuliza karani mapema ni uchunguzi wa namna gani utakaofanywa.

Yatokanayo na hayo ni wazi. Wakati mzuri wa kuomba ni pale ambapo haja haijafika: ziwa li wazi, madeni yamepunguzwa, na miezi kadhaa imepita bila kuchelewesha malipo. Mwombaji aitazame kwanza kumbukumbu yake, na akikuta kosa adai lisahihishwe. Asitaje mapato asiyokuwa nayo, kwa maana hati zitamsuta.

Mume na mke nao waketi pamoja kabla ya ombi kupelekwa, wahesabu ni tarehe gani marejesho yatadaiwa. Deni la Novemba linalopasa kulipwa Januari humkuta mvuvi mikono mitupu, na aghalabu humsukuma kwenye kaloba, ule mkopo wa mitaani wenye riba kali. Akikataliwa, aulize sababu, aitengeneze, kisha arudi baada ya miezi michache. Kuongezewa kikomo si kuongezewa mshahara. Kila kwacha itakayochukuliwa itarudishwa pamoja na riba yake.