Je, Wajua? Manyatta ya Kifua Kikuu, Wajir
Je, wajua kwamba mwaka 1976 Annalena Tonelli, mmisionari Mkatoliki kutoka Italia asiyekuwa mtawa, alianza kutibu kifua kikuu Wajir kwa utaratibu uliowafaa wahamaji? Toka Banissa hadi Garissa mfugaji hufuata mvua, na dozi hukatika njiani. Basi wagonjwa walijenga manyatta, yaani vibanda vyao vya mikeka, karibu na kituo, wakameza dawa mbele ya wahudumu kwa miezi sita. Wapo watakaouliza: kama hakutafuta waumini wapya, umisionari uko wapi? Mimi nauona katika kudumu kwake. Alifukuzwa Kenya baada ya kufichua mauaji ya raia yaliyofanywa na vikosi vya usalama huko Wagalla, Wajir, mwaka 1984, akaenda Somalia kuendeleza tiba ileile, hadi alipouawa Borama Oktoba 2003.