Pikipiki za Thika na Ruiru: kazi ipi ni ya fundi, ipi ni ya mwenyewe?

Tangu mwaka 2008, Serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya VAT juu ya pikipiki zisizofikia cc 250, chombo hiki kimeenea nchini kwa kasi ya ajabu. Katika miji ya Thika na Ruiru ni nadra kukuta kituo cha basi kisicho na vijana wa bodaboda. Na panapo pikipiki pana swali: je, ipelekwe kwa fundi, au mwenyewe akunje mikono aihudumie?

Wengi hulijibu kwa kutazama ujira peke yake. Husema kwamba fundi huwatoza kwa kazi ya dakika chache ambayo hata wao wanaiweza. Maneno hayo yana ukweli, lakini hesabu yake haijakamilika. Oili ni lazima inunuliwe, ikimiminwa na fundi au na mwenyewe, na injini ndogo huhitaji kama lita moja tu. Kinachookolewa ni ujira, nao kwa kazi ndogo ni mdogo. Hata hivyo, kazi hiyo hurudi mara kwa mara, kwani aendeshaye kilomita 100 kila siku hutimiza 3,000 kwa mwezi. Isitoshe, saa anazongoja zamu gerejini, abiria wake huchukuliwa na wenziwe.

Sisi watu wa pwani tunalijua jambo hili kwa vyombo vya baharini. Jahazi likipwelewa ufuoni, mabaharia wenyewe hulikwangua na kulipaka deheni. Lakini ubao ukioza au taruma likivunjika, huitwa fundi mwenye tezo yake, naye hulipwa haki yake.

Pikipiki nayo ni vivyo hivyo. Kusafisha mnyororo na kuutia mafuta, kupima upepo wa magurudumu, kusafisha plagi na kichujio cha hewa, na kubadilisha oili ni kazi za mwenye chombo. Spana chache, bisibisi na kitabu cha maelezo cha pikipiki hiyo vyamtosha. Apitaye njia za vumbi za machimbo ya mawe upande wa Juja asipoangalia kichujio, huilisha injini mchanga, na mwisho wake ni kununua pistoni na ringi mpya. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini vali, klachi, gia na beringi za magurudumu zataka vifaa na mkono uliozoea. Hata bolti ya kumwagia oili, ikikazwa kwa pupa, hukata nyuzi za alumini iliyo laini, na akiba ya ujira mdogo ikazaa gharama kubwa. Ama breki, asiyezijua vizuri asizijaribie, kwani abiria ni amana.

Na anayekwenda kwa fundi aende kwa utaratibu: wapatane bei kabla ya kazi, asimame atazame, na aombe kukabidhiwa spea ya zamani iliyotolewa. Kazi ikiisha, alipe papo hapo. Dini yetu haikubali mfanyakazi azungushwe kwa ujira wake.

Iko gharama moja zaidi, ambayo haimo katika daftari la mtu yeyote: oili chafu. Baadhi ya wanaojihudumia nyumbani huimwaga mtaroni, na baadhi ya magereji nayo hufanya hivyo. Mto Chania huungana na Mto Thika hapo mjini Thika, kisha maji yake huingia Tana na kufika baharini Kipini. Ule wa Ruiru huelekea Athi, ambao huku kwetu tunauita Sabaki, nao humwagika karibu na Malindi. Mitaro ya miji ile na bahari yetu, basi, imeungana kwa maji, na wavuvi wa Kipini na Malindi ni majirani wa yule anayefungua bolti yake Makongeni.

Kwa hiyo ahudumiaye pikipiki yake mwenyewe na aiweke oili ile katika dumu la zamani, alifunge vizuri, na kulipeleka kwenye gereji inayokusanya oili chafu katika pipa. Kazi hiyo haina ujira, lakini ni sehemu ya kazi.