Picha za Jamaa Zetu Zimo Katika Akaunti Tulizozisahau

Mafuriko yaliyoikumba Mathare mwezi wa Aprili 2024 yalichukua roho za watu, vitanda na vyombo. Jambo lililozungumzwa kidogo ni albamu. Katika mabanda ya kando ya mto, picha za jamaa huwekwa ndani ya sanduku chini ya kitanda, pamoja na vyeti vya kuzaliwa, na hapo ndipo maji hufika kwanza. Mwezi uliofuata yakaja matingatinga ya serikali kubomoa nyumba zilizokaribia mto.

Hasara hii huonekana siku ya msiba. Jamaa hutafuta picha ya marehemu ya kutia katika ratiba ya mazishi, na wakiikosa huchukua uso ulio katika kitambulisho, wakaukuza hadi ukawa kama ukungu. Nimehudhuria mazishi kadhaa ya namna hiyo. Mtu aliyekuwa mcheshi maisha yake yote huagwa akiwa ameikodolea macho kamera ya serikali.

Ajabu ni kwamba Mathare imepigwa picha mno na wageni. Ni kweli kwamba mwaka 1997 vijana wa chama cha michezo cha MYSA walipewa kamera za plastiki katika mradi wa Shootback, wakapiga picha za kwao wenyewe, na kitabu kikatoka mwaka 1999. Nawapongeza. Lakini ubatizo wa mwanao, ewe msomaji, hautauona kitabuni.

Hata hivyo tusikate tamaa. Saiba zilipoenea jijini mwanzoni mwa miaka ya 2000, wengi wetu tulilipa shilingi chache, picha zikapigwa skani na kutumwa kwa barua pepe kwa ndugu walio ng'ambo. Karatasi imesombwa na maji, lakini nakala ile haikusombwa. Jirani yangu mmoja aliipata picha ya pekee ya marehemu mumewe kwa shemeji yake aliye ughaibuni, ambaye hajawahi kufuta barua yoyote. (Uvivu nao una faida zake!)

Ndiyo maana nashauri utafutaji uanzie kwa aliyepokea. Yahoo hufuta barua za mtu asiyefungua sanduku lake kwa miezi 12. Google nayo, tangu Desemba 2023, hufuta akaunti za watu binafsi zilizolala kwa miaka 2, pamoja na picha zilizomo. Isitoshe, ukisahau nenosiri, namba ya siri hutumwa kwa laini uliyoiacha zamani, ambayo huenda leo ni ya mtu mwingine kabisa.

Wenye kadi za simu kuukuu wana bahati zaidi. Picha iliyofutwa haiondoki papo hapo. Kinachoondolewa ni anwani yake tu, nayo hubaki mpaka nyingine iandikwe juu yake. Kwa hiyo kadi hiyo isipigiwe picha hata moja. Ipelekwe kwa fundi mwenye kompyuta na programu ya PhotoRec, ambayo hailipiwi, na mwenye kadi aketi papo hapo kazi ikifanywa, kwani yatakayofufuka si ya kila jicho.

Zikipatikana, zichapishwe siku hiyo hiyo, na nakala moja ipelekwe kwa jamaa anayeishi mbali na mto.