Ikiwa mate hayaambukizi Ukimwi, mbona tunapimwa mdomoni?

Swali hili huletwa kliniki na watu wa kila aina, kuanzia makanga wa matatu hadi walimu, na ni swali la haki. Kwa miaka mingi sisi madaktari tumewaambia wananchi kwamba mtu hapati virusi vya Ukimwi kwa kunywea kikombe kimoja na mgonjwa wala kwa kula naye sahani moja. Kisha mwezi wa Mei 2017 Serikali ikazindua mpango wa watu kujipima wenyewe, na mojawapo ya vifaa vyake hupitishwa kwenye ufizi. Mkazi wa Eldoret anayekifungua kifaa hicho chumbani mwake na kusoma maagizo hukosaje kujiuliza: kama Ukimwi unaonekana mdomoni, si basi umo mateni?

Haumo kwa namna hiyo. Kifaa hicho hakitafuti virusi hata kidogo. Kinatafuta kingamwili, yaani kinga ambayo mwili huunda baada ya kuvamiwa. Kinga hiyo huzunguka katika damu, na kiasi kidogo hupenya hadi kwenye majimaji yaliyo baina ya ufizi na meno. Ndiyo sababu unaambiwa upitishe kijiti kwenye ufizi, wala si kukitemea mate. Ukiona magari ya polisi yamejaa mtaani kwako utajua kuna mhalifu anayesakwa, lakini gari la polisi silo litakalokuibia. (Najua wapo watakaobisha.)

Mate yenyewe ni adui wa virusi hivi. Kwanza, virusi vinavyofika humo ni vichache mno ukilinganisha na vilivyo katika damu, shahawa, majimaji ya ukeni au maziwa ya mama. Pili, mate yana chumvi kidogo kuliko damu, kwa hiyo seli za damu zilizobeba virusi zikiingia humo huvimba na kupasuka. Tatu, yana protini zinazovizuia virusi visiambukize.

Kwa hivyo msomaji, ikiwa nyumbani kwako kuna ndugu aliyetengewa kikombe, kijiko na sahani, mrudishie vyombo vya wenzake leo. Kibuyu cha mursik kinachopitishwa mkono kwa mkono hakileti Ukimwi. Mirija ya busaa katika chungu kimoja haileti Ukimwi, ingawa busaa ina mambo yake mengine. Mzee anayemtemea mjukuu mate ya baraka hamwambukizi. Ikiwa ndugu huyo anakohoa, hapo mpelekeni apimwe kifua kikuu, maana huo husafiri kwa hewa na unaweza kuwapata nyote mlio chumbani.

Linalobadilisha mambo ni damu. Mwaka 1997 wakuu wa afya nchini Marekani walitoa taarifa ya mwanamke aliyeambukizwa na mwenzi wake, na wakaona kwamba njia iliyoelekea zaidi ni kubusiana kwa ndimi ilhali fizi zilikuwa zikivuja damu. Kisa cha namna hiyo ni nadra sana hata kikaandikwa peke yake. Mwaka 2009, madaktari wa huko huko walieleza habari za watoto watatu walioambukizwa na walezi waliowatafunia chakula. Hili linatuhusu, kwa kuwa wapo akina mama na nyanya wanaomtafunia mtoto nyama au mahindi kabla ya kumlisha. Mtoto anayeota meno ana vidonda ufizini, na mlezi mwenye fizi mbovu humpa damu pamoja na tonge. Ponda chakula kwa kijiko au kinu. Mswaki nao usiazimane, na kifaa cha kung'olea meno kisitoke kinywa kimoja hadi kingine bila kuchemshwa ipasavyo.

Vijana wa mjini huniuliza pia, kwa sauti ya chini, juu ya mapenzi ya mdomo. Hatari ya kupata Ukimwi kwa njia hiyo ni ndogo sana ikilinganishwa na tendo la kawaida la ndoa, lakini haipaswi kuhesabiwa kuwa sifuri. Huongezeka kukiwa na vidonda mdomoni, fizi zinazovuja damu, au shahawa kuingia kinywani. Kisonono na kaswende, kinyume chake, hupita hapo kwa urahisi, na mipira ya kondomu huzuia. Mtu anayemeza dawa za ARV sawasawa hata virusi visionekane katika damu yake hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana kwa njia yoyote.

Turudi kwenye kifaa. Usile wala kunywa dakika 15 kabla ya kujipima, na usipige mswaki nusu saa kabla. Pitisha kijiti mara moja ufizi wa juu na mara moja wa chini, kitie chupani, usome baada ya dakika 20 na kabla ya 40. Mistari miwili si hukumu. Nenda kituo cha afya upimwe damu kuthibitisha. Mstari mmoja nao usikulevye. Marekani ilipoidhinisha kipimo cha namna hii mwaka 2012, ilionekana kwamba kati ya watu 12 wenye virusi, mmoja huambiwa hana. Tena kingamwili huchukua hadi miezi mitatu kuonekana. Aliyejihatarisha juzi Jumamosi asipoteze muda na kijiti: akimbilie hospitali kabla ya saa 72 kwisha, apewe dawa za kinga za siku 28.

Na aliyekwisha kuanza ARV asikitumie kabisa. Dawa hupunguza virusi, kingamwili nazo huweza kupungua, na kifaa kikaonyesha mstari mmoja ilhali virusi vimejificha mwilini. Akiacha dawa kwa kudhani amepona, vitarudi kwa wingi baada ya wiki chache tu.