Tuhifadhi Mahindi Bila Dawa

Sisi wa Handeni na Korogwe tunamjua dumuzi, ambaye wengine humwita Skania. Kwa kumwogopa, mkulima huuza mahindi mapema kwa bei ndogo, kisha hununua kwa bei kubwa.

Mfuko wa PICS una matabaka matatu: nailoni mbili nzito ndani na salfeti nje. Nailoni huzuia hewa ya oksijeni isiingie. Wadudu waliomo huimaliza iliyobaki, huacha kula na kuzaana, kisha hufa.

Lakini mfuko haukaushi mahindi. Mahindi mabichi huota ukungu, na ukungu mwingine hutoa sumukuvu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Tupime hivi: tutie mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, tutikise, tusubiri dakika 15. Chumvi ikigandia chupa, tuanike tena.

Baada ya kujaza tuondoe hewa, tufunge kila nailoni peke yake, na tuweke mfuko juu ya mbao, mbali na panya. Tundu dogo huingiza hewa, na kazi yote hupotea.

Yusufu aliweka akiba miaka ya shibe. Nasi tuweke, tuuze tunapotaka, si tunapolazimika.