206,564: Nambari ya Watu wa Mathare

Mpenzi msomaji, je, nambari inaweza kuwa na tabia kama mtu? Jibu langu ni naam. Hebu tuichunguze moja inayotuhusu sisi wenyewe. Katika sensa ya Agosti 2019, Kenya ilipatikana kuwa na watu 47,564,296. Kati yao, watu 206,564 walikuwa wa kaunti ndogo ya Mathare.

Kwanza, inagawanyika? Tarakimu zake mbili za mwisho ni 64, na 64 hugawanyika kwa 4. Basi nambari yote hugawanyika kwa 4. Sasa jumlisha tarakimu zote: 2+0+6+5+6+4 ni 23. Kwa kuwa 23 haigawanyiki kwa 3, nambari yetu pia haigawanyiki kwa 3. Haiishii kwa 0 wala 5, kwa hivyo 5 nayo imekataa.

Tukigawanya kwa 4 tunapata 51,641. Hapa ndipo penye kazi! Nilijaribu nambari tasa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, moja baada ya nyingine: 7, 11, 13, 17 na kuendelea. Zote ziliacha baki. Kufika 113, mlango ukafunguka: 113 × 457. Na 457 yenyewe ni tasa. Basi:

206,564 = 2 × 2 × 113 × 457

Tena kuna ajabu. 2 × 2 × 113 ni 452. Kumbe watu wa Mathare wangeweza kupanga safu 452, kila safu watu 457, asibaki hata mmoja! Huo ni karibu mraba kamili, maana pande zake zimepitana kwa 5 tu.

Sasa tuseme mtu mmoja amesahaulika. Inabaki 206,563, nambari witiri. 2 haiingii, 113 haiingii, 457 haiingii. 7 ndiyo inayoingia. Ama tuongeze mtoto mmoja: 206,565 inagawanyika kwa 3 na kwa 5, lakini safu zetu zimevunjika. Mtu mmoja tu amebadilisha kila kitu.

Ndiyo maana sipendi kusikia ati Mathare ilihesabiwa "watu kama laki mbili hivi". Nambari 200,000 ni rahisi kukumbuka, lakini imewaacha nje watu 6,564. Wakiwa wanafunzi, hao wangejaza madarasa 164 ya watu 40, na wanne wabaki mlangoni. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Maji, zahanati na madawati vikipangwa kwa makadirio, hao ndio watakaokosa.

Nawaachia zoezi. Katika sensa hiyo hiyo, majirani zetu Kamukunji walikuwa 268,276, na Starehe 210,423. Ni ipi inayogawanyika kwa 4, na ni ipi inayogawanyika kwa 3? Msitumie kikokotoo!