Msaada Uliopangwa Humfikia Mtu Mapema

Desemba 3, 2023, sehemu ya Mlima Hanang iliyolowa mvua ilimeguka, ikaporomosha tope, mawe na magogo hadi mji wa Katesh, mkoani Manyara. Watu zaidi ya 80 walifariki. Ofisini kwetu Arusha tulichangishana, tukapakia lori: unga, maharage, sabuni, mablanketi, ndoo, sufuria na taulo za kike. Tukashika barabara ya Makuyuni, Babati, hadi Katesh.

Kule niliona jambo ambalo kila mchangiaji anapaswa kulijua: mzigo uliochanganywa huwachelewesha wanaougawa. Funga kila aina peke yake, andika juu ya gunia kilichomo na idadi yake, kisha kabidhi kwa kamati ya maafa. Mama aliyepoteza nyumba anahitaji blanketi usiku huohuo.